Wembe Ni Ule Ule? Makali Baina ya Kinoo na Kinoo

Atembeaye katika mtaa wa Jamhuri, magharibi ya jiji la Nairobi, akitoka upande wa Uwanja wa Maonyesho kuelekea Barabara ya Ngong, hakosi kuliona neno "Kinyozi" limechorwa kwa rangi juu ya mlango mmoja na mwingine. Maduka jirani aghalabu hujitangaza kwa Kiingereza, lakini kinyozi amebaki kinyozi, kutoka Jamhuri hadi Kawangware na hata katikati ya jiji. Nomino hii imenyambuliwa kutoka kitenzi nyoa kwa njia ile ile iliyotuzalia mlezi kutoka lea, na ingawa imevaa kiambishi cha vitu, mwenyewe huchukua upatanisho wa watu: kinyozi huyu, vinyozi hawa.

Ajabu ni kwamba aingiaye humo hukuta takribani kila kitu isipokuwa wembe. Hukuta mashine ya umeme inayonguruma, chupa ya spiriti, taulo, kioo kipana na picha za mitindo ya nywele ukutani. Wembe hutokea mwishoni tu, pale kinyozi anapotaka kunyoosha mstari wa kipaji au wa ndevu. Hata hapo si wembe wa kale unaotokea, bali kiwembe chembamba kinachotolewa katika karatasi yake mbele ya macho ya mteja, kikatumika mara moja, kikatupwa. Mteja husikiliza karatasi ikichanwa. Mlio ule ndio hati yake ya usalama.

Wembe mwingine, ule mrefu wa kukunja, wenye mgongo mnene na mpini unaofunguka kama kisu cha mfukoni, umekuwa kitu cha nadra. Pamoja nao umefifia ujuzi mzima uliokuwa ukiuhudumia. Makala haya yanadhamiria kueleza sehemu moja ya ujuzi huo, nayo ni jinsi makali ya wembe mrefu yanavyotunzwa katika kipindi kilichopo baina ya kunolewa kwake jiweni na kunolewa tena. Yamkini msomaji ataona kuwa hilo ni jambo la vinyozi peke yao. Sivyo. Linamhusu mwanafunzi wa Kiswahili kwa sababu lugha yetu imekitwika kitenzi kimoja, kunoa, kazi mbili zisizofanana, na mtu anayezichanganya kazi hizo huumaliza wembe wake kabla ya wakati.

WEMBE WA METHALI NA WEMBE WA MKONONI

Wengi wetu tulioujua wembe kwa kusoma, tuliujua kwanza katika methali. "Mtoto akililia wembe, mpe" ni methali ambayo ingekosa maana endapo wembe ungekuwa butu. Funzo lake lote limesimama juu ya makali. "Ukiona mwenzako ananyolewa, chako tia maji" hufundishwa madarasani kuwa ni onyo kwa asiyejiandaa. Ndivyo ilivyo. Lakini kinyozi akiisikia methali hiyo husikia pia hatua ya kazi: nywele hulowekwa kwanza, ndipo wembe hupita. Wanahabari wa michezo nchini Kenya wanalijua hilo bila kulifikiria, kwani timu ikifungwa mabao mengi huandika kuwa "imenyolewa bila maji," yaani imeumizwa zaidi ya ilivyopasa.

Kitenzi kunoa nacho kimesafiri mbali na jiwe. Kocha huinoa timu, na katika kurasa za michezo mwenyewe huitwa mnoaji. Mwanafunzi huinoa akili. Halafu, kwa kinaya ambacho wageni wa lugha hukipata kwa tabu, mtu anayekosea jibu katika shindano huambiwa, "Umenoa!" Kitenzi kinachomaanisha kupata ukali kinamaanisha pia kukosa. Wanaotafiti semantiki wangeweza kulishughulikia hilo kwa kurasa nyingi. Hapa itoshe kusema kwamba, kama itakavyoonekana, aliyeupeleka wembe jiweni kila asubuhi amenoa kwa maana zote mbili.

Lipo pia tamko la majukwaa ya siasa: "Wembe ni ule ule." Msemaji hukusudia kwamba kilichowapata wapinzani wake jana kitawapata tena kesho. Fundi wa wembe angekuwa na pingamizi. Wembe uliokwisha kunyoa ndevu moja nzima na usitunzwe si ule ule tena. Umebadilika, ijapokuwa jicho halioni.

MAKALI NI NINI

Ili kuelewa mabadiliko hayo, hapana budi kuyatazama makali kwa ukaribu usiozoeleka. Unywele wa binadamu una unene wa kati ya maikromita 50 na 100, na maikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Ukingo wa wembe ulionolewa vizuri hupungua hata maikromita moja. Ni ukingo mwembamba kiasi kwamba chuma chake, licha ya ugumu wote, hupinda na kumeguka mithili ya ukingo wa ganda la yai.

Kwa muda mrefu jambo hili lilikuwa fumbo. Chuma cha wembe kina ugumu wa takribani mara 50 ya ule wa unywele. Iweje basi kilicho laini kukishinda kilicho kigumu? Mnamo mwaka 2020, Gianluca Roscioli na wenzake wa chuo cha MIT nchini Marekani walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kuvichunguza viwembe vya kutupwa chini ya hadubini ya elektroni. Walibaini kwamba unywele haulainishi makali polepole kama maji yanavyolainisha jiwe la mtoni. Hutokea kwamba unywele unapopinda na kuukabili ukingo kwa upande, na mahali hapo chuma kikawa si cha namna moja katika chembe zake, ukingo humeguka kipande kidogo. Vipande hivyo vikiongezeka, wembe huanza kuvuta badala ya kukata.

Hapa ndipo methali ya maji inapopata ushahidi wake. Unywele uliolowa maji ya moto kwa dakika mbili tatu hulegea na kukatika kwa nguvu ndogo kuliko mkavu. Kutia maji, basi, ni huruma kwa ngozi ya mnyolewa na vilevile ni hatua ya kwanza ya kuyatunza makali, kabla ya jiwe na kabla ya ukanda.

Zipo kwa hiyo aina mbili za madhara, na tofauti yake ndiyo kiini cha mjadala huu. Ya kwanza ni kupinda: ukingo bado upo, ila umelala upande, umeyumba, au umeshika uchafu na mabaki ya sabuni. Ya pili ni kumeguka: chuma kimeondoka na hakirudi. Kilichopinda chaweza kunyooshwa. Kilichomeguka hakina dawa isipokuwa kuondoa chuma kingine kandokando yake hadi ukingo mpya upatikane.

KAZI YA JIWE

Kuondoa chuma ni kazi ya kinoo. Wembe mrefu umeundwa kwa werevu ambao kisu hakina: mgongo wake mnene ndio kipimo cha pembe. Mnoaji huulaza jiweni mgongo na makali vikigusa kwa pamoja, na hivyo pembe haibadiliki hata mkono ukichoka. Husukuma makali yakitangulia, kana kwamba anataka kukata kijisehemu chembamba cha uso wa jiwe, kisha hugeuza na kurudi. Huanza na jiwe lenye chembe kubwa kiasi endapo makali yameharibika, na kumalizia kwa jiwe laini mno. Mawe ya viwandani hupewa nambari, na yale ya kumalizia wembe huwa ya 8,000 na zaidi, ilhali jiwe la kawaida la kunolea kisu cha jikoni huweza kuwa la 1,000 tu.

Ndiyo maana wembe haupelekwi kwa mnoa visu wa baiskeli. Fundi huyo ni mtu wa maana katika mitaa ya Nairobi. Huisimamisha baiskeli yake langoni, akakanyaga pedali, na gurudumu la kunolea likazunguka na kutoa cheche huku akina mama wakimletea visu, mikasi na panga. Kwa zana hizo hana mpinzani. Lakini cheche zile ni chuma kinachoungua. Ukingo mwembamba wa wembe hupata joto upesi kuliko unavyoweza kulipoteza, na joto hilo likipita kiwango ambacho chuma kilikaushiwa na mhunzi, ugumu wake hutoweka. Baada ya hapo hata jiwe bora halirudishi kitu, kwani chuma chenyewe kimekuwa kingine. Wahenga wa pwani walikuwa na neno feleji kwa chuma kilicho bora. Feleji ikiungua ukingoni hugeuka chuma cha kawaida.

Kinoo kina gharama nyingine ambayo haionekani kwa siku moja. Kila safari ya jiweni huupunguza upana wa wembe na kuula mgongo wake. Wembe unaotumiwa na mtu mmoja nyumbani, ukitunzwa ipasavyo, hukaa miezi kadhaa bila kuhitaji jiwe, na kwa mwendo huo huweza kurithiwa. Unaonolewa kila wiki huliwa na jiwe, ukawa mwembamba kama uzi wa chuma kwenye mpini mkubwa. Mwenye wembe wa namna hiyo hakosi kujivunia bidii yake.

KAZI YA UKANDA

Baina ya safari moja ya jiweni na nyingine, wembe huishi kwa ukanda. Huu ni mkanda wa ngozi laini, wenye upana wa kutosha kuulaza wembe mzima, unaofungwa ncha moja ukutani au kwenye kitasa cha mlango, na ncha nyingine ikashikwa mkononi na kuvutwa mpaka ikaze. Aghalabu huwa na mwenzake wa kitambaa, cha kitani au turubai, kwa ajili ya kuusafisha wembe kabla haujapita kwenye ngozi.

Mwendo wake ni kinyume cha ule wa jiwe, na kinyume hiki ndicho wanaoanza hukisahau. Jiweni makali hutangulia; ukandani mgongo hutangulia na makali hufuata nyuma. Wembe hulazwa bapa, mgongo na makali vikiigusa ngozi kwa pamoja, kisha huvutwa polepole hadi mwisho. Ufikapo mwisho hugeuzwa kwa kuviringishwa juu ya mgongo wake, bila makali kuinua wala kuigusa ngozi kwa upande, kisha hurudishwa. Kwenda na kurudi huhesabiwa kuwa mara moja. Mazoea ya wengi ni mara 20 hivi kwenye kitambaa na mara 40 hadi 60 kwenye ngozi, kabla ya kunyoa. Idadi si sheria. Kilicho sheria ni wepesi wa mkono: uzito wa wembe wenyewe watosha.

Ni nini hasa hutendeka pale? Ukingo uliolala upande huvutwa ukasimama mahali pake. Mabaki ya sabuni na chembe za kutu zilizoanza kujikusanya hufutwa. Chuma kinachoondolewa ni kidogo mno, hakilinganishwi na kile cha jiwe. Ndiyo maana ukanda waweza kutumiwa kila siku kwa miaka na wembe usipungue kwa kiasi cha kuonekana.

Makosa ya ukandani ni machache lakini ni mabaya. Anayeinua mgongo ili "kuyafikia" makali huyaviringisha, akayafanya mviringo kama ukingo wa kijiko. Anayeuacha ukanda ulegee hufanya vivyo hivyo pasipo kujua, kwa sababu ngozi iliyobonyea hupanda na kuukumbatia ukingo kutoka chini. Anayegeuza wembe juu ya makali hukata ukanda, na ukanda uliokatwa hukwaruza makali katika kila safari inayofuata. Kasi ni kosa la nne, tena lenye mvuto mkubwa, kwa kuwa katika filamu za kale vinyozi huonekana wakipiga ukanda upesi kama ngoma. Waliofanya hivyo walikuwa wameifanya kazi hiyo miaka mingi. Anayeiga kwa wiki moja atanunua ukanda mwingine.

Palipokosekana ukanda maalumu, watu walitumia kilichokuwapo. Mshipi wa ngozi halisi, ulio laini na usio na mishono, hufaa. Ule wa vipande vya ngozi vilivyogandishwa kwa gundi haufai kitu. Mwenye nia atapata kipande kizuri kwa mafundi wa viatu na mikoba wa soko la Kariokor, na hatahitaji kuagiza ng'ambo. Kurasa za gazeti zilizokunjwa na kulazwa juu ya ubao ulionyooka nazo hufanya kazi ya kushangaza, kwani karatasi na wino wake vina chembe laini za kung'arisha. Wapo vinyozi wa kale waliotumia kiganja cha mkono, sehemu ile yenye nyama chini ya kidole gumba. Si njia ya kumshauri mtu aanze nayo.

Hatua iliyo katikati ya ukanda na jiwe ni ukanda au ubao uliopakwa unga laini wa kung'arishia, hasa ule wa kijani wa oksidi ya kromi wenye chembe za takribani nusu ya maikromita. Huo huondoa chuma, ila kidogo sana. Mtu akiona kuwa wembe wake umeanza kuvuta, na ukanda mtupu haumsaidii tena, huupitisha hapo mara 10 hivi, na mara nyingi hupata wiki kadhaa zaidi kabla ya kulikimbilia jiwe. Mwenye kupaka unga huo kwenye ukanda wake wa kila siku hurudi katika kosa la awali kwa njia ya mzunguko: ananoa kila asubuhi huku akidhani kuwa ananyoosha.

Kisha kuna maji yaliyotajwa katika methali, yanayogeuka adui mara tu kazi inapokwisha. Wembe mrefu wa chuma cha kawaida hushika kutu, na kutu haianzii mgongoni inakoonekana. Huanzia pale chuma kilipo chembamba zaidi. Baada ya kunyoa, wembe husuuzwa, hufutwa kutoka mgongoni kuelekea makali bila kuyakata kwa kitambaa, huachwa wazi hadi ukauke, na kupakwa tone la mafuta iwapo hautatumika kesho yake. Mtu wa Lamu au Mombasa, anayeishi na hewa ya chumvi, ana haja ya mafuta kuliko mtu wa Jamhuri.

TATIZO LA KITENZI KIMOJA

Maelezo haya yote yametolewa kwa Kiswahili pasipo taabu kubwa, isipokuwa mahali pamoja. Lugha ina kinoo, ina mgongo, bapa, makali, butu na kutu. Haina kitenzi kimoja kilichozoeleka kwa kile kinachofanyika ukandani. Kamusi zetu hukieleza kitenzi noa kwa maana ya jumla ya kutia makali, na ukanda wenyewe tumezoea kuueleza kwa maneno mengi kuwa ni ukanda wa kunolea wembe. Istilahi hiyo ina kasoro. Inamwambia anayejifunza kwamba ukanda na jiwe ni zana mbili za kazi moja, moja ya ngozi na nyingine ya mawe, na kwamba asipokuwa na hii atumie ile. Atumiaye jiwe badala ya ukanda kila asubuhi atakuwa ameifuata kamusi na kuupoteza wembe.

Si kwamba Kiswahili hakina uwezo. Kuna pendekezo jepesi: kunoa kubaki jiweni, na kazi ya ukandani kuitwa kunyoosha makali. Kitenzi nyoosha kinaeleza kwa usahihi jambo linalotendeka, yaani kilichopinda kurudi mahali pake, tena hakihitaji kukopwa kutoka popote. Ukanda nao ungeitwa ukanda wa wembe, basi. Wapo watakaopinga kwamba kunyoosha na kunyoa yanakaribiana mno kwa sauti na yatamkanganya msikilizaji. Pingamizi hilo halina uzito mkubwa katika lugha ambayo inaweza kumwambia mtu "umenoa" kwa kumsifu na kwa kumcheka.

Mfano wa jinsi maneno ya kinyozi yanavyoweza kuachwa na kazi yake umo mikononi mwetu kila siku. Zamani kazi ya kinyozi haikuishia kwenye nywele. Katika jamii nyingi za Kiislamu yeye huyo aliweza kuwaumika watu, yaani kuwatoa damu kwa pembe. Pembe hiyo huitwa chuku. Leo mwanafunzi wa fasihi anaweza kuichambua chuku katika shairi zima, akiwa na maana ya kutia chumvi, pasipo kujua kwamba neno lenye umbo hilo hilo liliwahi kugandishwa mgongoni mwa mgonjwa. Wembe waweza kuelekea huko, ukabaki na methali tu.

NGOZI ISIYOCHEMSHIKA

Yafaa sasa kueleza kwa nini wembe mrefu uliondoka, kwa sababu haukuondoka kwa ubovu wake. Pigo la kwanza lilikuwa la kibiashara. King C. Gillette alianzisha kampuni yake nchini Marekani mwaka 1901. Mwaka 1903, mwaka wa kwanza wa mauzo, iliuza nyembe 51 na viwembe 168 tu, lakini haikuchukua muda kabla ya kiwembe cha kutupwa kuuzwa kwa mamilioni. Kiwembe hicho kilimwondolea mnunuzi haja ya kinoo na ya ukanda kwa pamoja. Hata hivyo watu hawakuacha kunoa mara moja. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, viwembe vilipoadimika, wengi walikuwa wakivisugua ndani ya bilauri ya kioo ili vidumu siku chache zaidi.

Pigo la pili ni lile ambalo wasomaji wa Afrika Mashariki hawahitaji kukumbushwa kwa kirefu. Mgonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Kenya alitambuliwa mwaka 1984, na mwezi Novemba 1999 Rais Daniel arap Moi aliutangaza ugonjwa huo kuwa janga la kitaifa. Katika miaka hiyo wembe wa pamoja uligeuka kitu cha kuogofya katika mabango ya shule na zahanati. Palipokuwa na wembe mmoja kwa watu wengi, iwe katika jando, katika tohara ya ngariba au katika kunyoa vichwa vya kundi zima, wito ulikuwa mmoja: kila mtu na wake. Mila zenyewe hazikufa. Mtoto wa Kiislamu bado hunyolewa siku ya saba kwa akika, na moran wa Kimaasai bado hunyolewa nywele zake ndefu na mama yake katika sherehe ya eunoto. Kilichobadilika ni kwamba chombo kinachopita kichwani hakipaswi kuwa kimepita katika kichwa kingine.

Wengi hudhani kwamba wembe mrefu ungeokolewa kwa kuchemshwa. Wembe wenyewe, ndiyo. Chuma huvumilia maji yachemkayo na dawa. Tatizo ni ukanda. Ngozi haichemshwi, ukiichemsha hukakamaa na kukunjamana, na ukiimwagia dawa kali hukauka na kupasuka. Kila wembe unaopita juu yake huacha kitu, na kila unaofuata hukiokota. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kudumu nje ya mwili kwa muda usiopungua siku 7 vikiwa bado na uwezo wa kuambukiza. Ukanda uliotundikwa ukutani mwa kibanda, ukahudumia wembe wa mteja wa Jumatatu na wa Jumapili, ni kiungo baina ya damu zao wawili. Na kwa kuwa wembe mrefu hauwezi kuishi bila ukanda, kinyozi aliyeacha ukanda aliuacha na wembe.

Kwa hiyo kinyozi wa Jamhuri yuko sahihi na kiwembe chake cha karatasi, na hakuna lolote katika makala haya linalokusudia kumrudisha nyuma. Sanaa ya ukanda imebaki na mahali pamoja halali, napo ni nyumbani: mtu mmoja, wembe mmoja, ukanda mmoja, uso mmoja. Methali isemayo kuwa kinyozi hajinyoi imegeuzwa juu chini na hali hii, kwa maana anayeutunza wembe mrefu leo hana mwingine wa kumnyoa ila nafsi yake.

Mtu huyo, kama ndiyo kwanza anaanza, asiufungue wembe wiki ya kwanza. Autundike ukanda kwenye kitasa cha mlango, achukue kisu butu cha kupakia siagi, akilaze bapa, akivute mgongo ukitangulia, na akigeuze juu ya mgongo kila afikapo mwisho, asubuhi na jioni, mpaka mkono uweze kugeuza pasipo jicho kuuangalia. Kisu cha siagi hakitapata makali yoyote, na ukanda hautapata hata mkwaruzo mmoja.